Landrova ya Alhamisi

Mimi ni Mhehe wa Kihesa, na sisi hatusifiki kwa upole. Nasema hili mapema ili usije ukakaa ukisubiri habari za nesi mwenye sauti ya chini. Nilipopelekwa Mbeya kufanya kazi kwenye utafiti wa dawa za kifua kikuu, mama alinisindikiza mpaka Ipogolo kupanda basi, na maneno yake ya mwisho hayakuwa safari njema. Alisema, tena mbele za watu, "Mwanangu, huko uendako jitahidi usigombane na wagonjwa." Basi zima likacheka. Nilinuna mpaka Makambako.

Ilikuwa miaka ya sabini, vijiji vya ujamaa vikiwa vipya. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na dawa mpya za kifua, na wakubwa walitaka kujua kama zinaponya upesi kuliko zile za zamani. Ili wajue, walihitaji wagonjwa waingie kwa hiari yao, na wakishaingia wasiondoke katikati. Kuwapata haikuwa shida. Ukienda Mbalizi siku ya soko, ukasimama karibu na wauza viazi ukatega sikio, wenye kikohozi kile utawasikia kabla hujawaona. Shida ilikuwa kuwashika. Mgonjwa wa kifua akimeza dawa wiki chache tu, homa inakatika, ugali unapanda, anajiona bondia. Ukimwambia bado miezi na miezi ya vidonge, anakutazama kama unataka kumuuzia kitu. Na wale wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini ndio usiseme kabisa: leo yupo, kesho majani yamekwisha, ng'ombe wamehama na yeye kahama nao, na kikopo chetu cha makohozi kaondoka nacho.

Mimi ndiye niliyetumwa kuwafuata waliopotea. Nilipanda na kushuka vilima vya upande wa Tukuyu mpaka soli za viatu zikaniaga. Nilijifunza kukaa kwanza, kunywa chai, kula ndizi, kuulizwa habari za mama na za shangazi, ndipo niulize habari za vidonge. Wanyakyusa walinipenda na kunitania kwa pumzi moja, kwa ule utani kwamba Wahehe tunakula mbwa. Nikiingia tu uani, mtu anaita, "Fungeni mbwa, mwenye kitoweo kaja!" Nami nawajibu kuwa mbwa wenyewe wamekonda, wakae nao.

Kati ya wote niliokuwa nikiwafuata, nilimpenda zaidi mwanamke mmoja kijana, mke wa mtu, mwenye mtoto mdogo wa kiume aliyekuwa anaanza kutembea. Kumwingiza kwenye utafiti kulinichukua muda. Alikuwa na maswali, na hakuyauliza kwa haraka. Je, dawa ikimkataa? Je, maziwa ya mtoto? Je, akichoka, ruhusa kutoka? Nikamwambia, ruhusa ipo, wakati wowote. Akasema, "Basi naingia, dada. Penye mlango wa kutokea siogopi kuingia." Alikuja kila Jumatatu, mume akimleta kwa baiskeli mpaka kituoni kwetu, akapigwa sindano, akapewa vidonge vya wiki, akanituma salamu kwa mama yangu ambaye hakuwahi kumwona. Akaanza kunenepa. Mtoto naye akaanza kunizoea, akawa ananivuta kofia.

Halafu ikaja Landrova. Daktari wetu, Mpare wa makamo mwenye moyo wa dhahabu na mkono mgumu kama walivyo Wapare katika utani wetu, alikuwa amehangaika kuiomba gari ile kwa muda mrefu. Aliipata, na furaha yake ilikuwa ya kuonea huruma. Aliizunguka, akaipiga magurudumu kwa kiatu, akatuita wote tuione. "Mnaona wagonjwa wanavyoteseka njiani?" akatuambia. "Kuanzia sasa hakuna kutembea. Kila kijiji kitakuwa na siku yake. Gari linawafuata, linawaleta, linawarudisha." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa ajili ya viatu vyangu. Kijiji cha rafiki yangu kikapangiwa Alhamisi, na bahati nzuri, tukasema, maana mumewe alikuwa amepata kazi kwenye mashamba ya chai na kuondoka na baiskeli.

Landrova ilituletea watu wapya bila hata kuwatafuta. Mmoja wao alikuwa mzee wa kijiji hichohicho cha Alhamisi, mrefu, mkavu, mwenye koti la jeshi lililobaki vifungo viwili, aliyekuwa amekohoa mwaka mzima bila kutaka kusikia habari za hospitali. Alipoiona gari akasema, "Kumbe ugonjwa huu una usafiri? Niandikeni." Akawa anakaa mbele na dereva, anawapungia mkono watu wa njiani kama mkuu wa wilaya. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Akipanda lazima aulize, "Mhehe, mbwa wangu haonekani tangu wiki iliyopita. Unajua lolote?"

Alhamisi ya kwanza ya Landrova, rafiki yangu hakupanda. Nikasema labda mtoto anaumwa. Ya pili hakupanda. Na si yeye tu. Wanawake wengine wawili watatu wa vijiji vile, wote walioolewa, walianza kuonekana kwa kurukaruka, kisha wakapotea. Lo, tulikaa vikao! Mmoja akasema ni uvumi wa mumiani, watu wanadhani tunanyonya damu na kuibeba kwa gari. Mwingine akasema sindano zinauma. Daktari akasema labda hatukuwaeleza vizuri, basi tukaenda kuwaeleza upya, na balozi wa nyumba kumi akakusanya watu, na wote wakatikisa vichwa kwa adabu, na Alhamisi wanawake wakawa hawapo vilevile.

Nikamfuata mwenyewe. Nilimkuta shambani, nyuma ya migomba, jembe mkononi, na kabla hajaniona nilimsikia. Kikohozi kilikuwa kimerudi. Kile kile, cha chini, chenye kuchimba. Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma mdomo ndio unaotangulia.

"Wewe! Unataka kufa?" nikamwambia. "Dawa ipo, gari linakuja mpaka mlangoni pako, bado unalima tu! Mtoto huyu unamwachia nani?"

"Nimepona, dada," akasema.

"Umepona nini, wakati nakusikia?"

Akacheka, akaangalia chini. Nikambana kila upande. Mume amekataza? Hapana. Vidonge vinakutapisha? Hapana. Nimekuudhi mimi? "Wewe dada, nani atakukasirikia?" Nikaona nitalia kwa hasira. Nikamwambia basi nisindikize njiani, nikafikiri tukitembea atafunguka.

Tulikuwa tunakwenda hivyo, yeye mbele na mtoto mgongoni, mimi nyuma nikiendelea kufoka, mara akasimama. Mtu alikuwa anakohoa mbele yetu, nyuma ya kona. Rafiki yangu alivuta kitenge akajifunika kichwa na uso, akaruka mtaro, akachuchumaa kati ya migomba akiipa njia mgongo. Akatulia tuli. Nikabaki nimesimama peke yangu katikati ya njia kama mgeni aliyeachwa na basi.

Akatokea yule mzee wangu wa koti la jeshi. Naye alipoona majani yanatikisika aligeuza uso upande wa pili, akapita akitazama mlima, akakohoa tena kwa nguvu ili ajulikane yuko wapi. Hakunitania. Hakuniuliza habari za mbwa. Aliponipita tu alisema kwa chini, "Habari, binti," akaenda zake.

"Ni nani kwako?" nikamuuliza rafiki yangu alipoinuka.

"Baba wa mume wangu."

Mungu wangu! Niliketi palepale kwenye ukingo wa mtaro. Nilikuwa nimesikia, ndiyo, kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hakai naye penye paa moja, hatamki jina lake, na akimsikia njiani anaacha njia. Lakini nilisikia kama mtu anavyosikia mambo ya watu wengine. Sikuwa nimewaza hata siku moja kwamba sisi tumechukua gari dogo, tukaweka benchi mbili zinazotazamana, tukawaambia wakwe wa kijiji kizima wapande pamoja, wagusane magoti mpaka mjini, na wakifika wateme makohozi mbele ya wenzao. Ebo! Hata mimi nisingepanda.

Alinieleza kidogokidogo, kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake. Zamani, akasema, wazazi wa mume walikaa mbali, kila rika na kijiji chake, na haya mambo hayakuwa mazito. Vijiji vipya vilipopangwa kwa mistari, baba mkwe akapangiwa nyumba ya mbele na wao ya nyuma, na njia ya kwenda barabarani inapita uani kwa mzee. Yeye akitaka kutoka huzunguka bondeni, anavuka kijito, anapanda upande wa pili. Alipokuwa mzima hakujali. Sasa bonde lile lilikuwa linamkata pumzi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema.

"Ningekuambiaje, dada? Nikuambie mzee asipande? Naye anaumwa."

Nikainuka, nikashika njia.

Nilirudi kwa daktari nikiwa na moto. Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, tena aliumia, niliona. Lakini petroli ilikuwa ya kugawiwa kwa kipimo, na gari halingeweza kwenda upande ule siku mbili. "Na utafiti una sharti lake," akasema. "Amekosa dawa muda mrefu. Akikosa Alhamisi hii pia, namtoa. Si kwa ubaya. Dawa ya kukatisha-katisha inaufundisha ugonjwa ukaidi." Nikajua maana yake. Dawa zile mpya zilipatikana kwetu tu. Zahanati ya kijijini siku nyingi haikuwa na kitu zaidi ya aspirini na benchi. Kumtoa kwenye utafiti ilikuwa kumwachia ugonjwa umchukue.

"Basi mzee ndiye asipande," nikasema.

"Na nani atamwambia? Yeye pia ni mgonjwa wetu. Aliingia kwa hiari na hatuwezi kumfukuza."

Hilo pia lilikuwa kweli, na lilinikasirisha zaidi kwa kuwa kweli.

Nikaenda kwa mama mkwe, mke wa mzee, maana wanawake kwa wanawake wanaweza kusemezana. Bibi mmoja mnene, mcheshi, aliyenisikiliza huku akimenya ndizi. Nilipomaliza, mikono yake ilikuwa imesimama. "Haya, niachie mimi," akasema. "Nitamwambia baba, halafu nitamwambia na binti." Nikampa mkono, nikaondoka nikiimba.

Alhamisi ikafika, na ukungu wake. Dereva akapiga honi pale kituoni kwao, watu wakapanda. Mzee hayupo. Nikafurahi. Nikamsubiri rafiki yangu. Hayupo. Dereva akanitazama, akapiga honi tena. "Nesi, tuna vijiji viwili vya kupitia," akasema. Nikamwambia akigusa gia kabla sijarudi tutagombana mpaka Mbeya nzima isikie, nikashuka mbio.

Nilimkuta nyumbani kwake amevaa nguo safi, amekaa kwenye kigoda, mtoto amefungwa mgongoni, tayari kabisa. "Twende, mzee hayumo garini!" nikamwambia.

"Kama hayumo garini," akasema taratibu, "basi yuko nyumbani. Nitapitaje uani kwake?"

"Mama hakukuambia kitu?"

Mama hakuwa amemwambia. Alikuwa amesema na mumewe, kisha msiba ukatokea ng'ambo ya mto, na bibi akaondoka na wenzake kwenda kulia. "Zunguka bondeni," nikasema, na hapohapo nikaona upumbavu wa neno langu. Midomo yake ilikuwa mikavu. Kwa njia ile angefika saa ambayo gari limeshafika Mbeya. Nikasikia honi tena.

Nikakimbia kwa mzee. Alikuwa ndani, amekaa kwenye giza la mlango, koti limefungwa vifungo vyote viwili. Kabla sijapumua akauliza, "Amepanda?"

"Hajapanda, tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kinyakyusa.

Akainuka nusu. "Kwa nini? Mimi si nimebaki? Nimebaki ili apande!"

"Anakuogopa hapa njiani. Hajui utakuwa wapi atakapopita."

Mzee alinitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona utani wowote usoni pake. Hakuweza kumwita. Hakuweza kutuma neno kupitia kwangu pia, maana mimi ningeweza kukosea, au mkwe asingeniamini, na kukutana uso kwa uso na mkwe ni jambo la kuumiza watu wawili. Alichukua fimbo yake. Akatoka nje, akapita nyuma ya nyumba, akaanza kuupanda mlima, upande usio na barabara, usio na shughuli yoyote ya mtu mgonjwa. Na akawa anakohoa.

Si kile kikohozi chake cha siku zote. Hiki alikitoa kwa makusudi, kwa sauti, hatua kadhaa halafu anakohoa, hatua kadhaa anakohoa tena. Mwanzoni sikuelewa, nikataka kumkimbilia nikidhani anazidiwa. Kisha nikaelewa, nikasimama na mkono mdomoni. Alikuwa anamwambia mke wa mwanawe yuko wapi. Sasa niko hapa. Sasa nimefika kwenye shamba la mahindi. Sasa nimevuka mwamba. Ukungu ulimficha lakini sauti ilisikika ikipanda, ikipungua, ikienda mbali na njia. Kifua kile tulichokuwa tunakipigania kila wiki kitulie, mzee alikuwa anakitumia chote.

Kule nyuma mlango ukalia. Rafiki yangu alitokea kwenye kona ya migomba, kitenge kichwani, amesimama anasikiliza. Kikohozi kikasikika kwa mbali, juu sana. Basi akakimbia. Alipita katikati ya ua ule wa mzee, mtoto akirukaruka mgongoni, kimya, machozi yanamtiririka, hakunitazama. Nikamshika mkono penye utelezi, tukafika. Dereva alikuwa bado hajagusa gia.

Nilimpandisha, nikachukua vidonge vya wiki vya mzee kwenye sanduku, nikamwambia dereva aende. Nikamfuata mzee mlimani. Nilimkuta amekaa chini kwenye majani yenye umande, uso umekuwa wa majivu, anahema. "Amepanda," nikamwambia kabla hajauliza. Akaitikia kwa kichwa. Alipopata sauti akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, na baadaye kidogo, "Na huko juu hamna mbwa, Mhehe. Umepanda bure." Nililia, nikacheka, nikamfokea kwa kukaa kwenye umande, vyote kwa pamoja.

Nilimsimulia daktari jioni ileile. Hakuniuliza habari za masharti. Aliuliza kama mzee alifika nyumbani salama, na kama alimeza vidonge mbele ya macho yangu. Kisha akasema, "Gari litakwenda mara mbili. Wanawake kwanza, wanaume baadaye." Nikamwuliza petroli itatoka wapi. Akasema hiyo ni kazi yake. Tangu hapo tukawa tunamwona anaacha gari lake nyumbani na kuja kazini kwa miguu na mwamvuli wake, mvua inyeshe isinyeshe, na hakuna aliyethubutu kumtania Upare wake kwa muda mrefu. Wale wanawake wengine waliopotea wakarudi mmoja mmoja. Hatukuwaeleza kitu, waliona tu benchi hazina baba mkwe.

Rafiki yangu alimaliza dawa zake zote. Picha ya kifua ikatoka safi, na kwenye darubini hakikuonekana kitu. Alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Akaniomba nifikishe habari kwa mzee, kwa kuwa yeye asingeweza kuifikisha mwenyewe hata siku moja.

Nilimkuta uani kwake, anaota jua. Naye kifua chake kilikuwa kimetulia, sauti imepata uzito. Nikamwambia, "Tata, mke wa mwanao amepona kabisa." Akashika fimbo kwa mikono miwili, akashukuru Mungu kwa Kinyakyusa, maneno mengi ambayo sikuyaelewa yote. Kisha akatazama migomba, si mimi.

"Mhehe," akasema, "hivi yukoje?"

"Nani, tata?"

"Huyo binti. Uso wake. Ana miaka mingi nyumbani kwetu, amenizalia mjukuu. Sijawahi kumwona."

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Nikamwambia macho yake ni makubwa, na meno ya mbele yana mwanya, na akicheka shavu la kushoto linaingia shimo dogo. Nikamwambia amenenepa. Alisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho, halafu akaniomba nimweleze tena.